Mfereji wa Garonne kwa baiskeli: siku tano bila magari

Njia nyingi zinazotangazwa nchini Ufaransa kuwa ni za baiskeli huwa mchanganyiko: kipande cha njia ya pekee, kipande cha barabara ya kijijini ambako magari ni machache lakini yapo, kisha daraja ambalo msafiri hulivuka ubavu kwa ubavu na malori. Hata ile inayosifiwa zaidi, ya bonde la Loire, yenye urefu wa takriban kilomita 900, iko hivyo katika sehemu zake nyingi. Mtu mzima aliyezoea barabara hatajali sana, lakini anayesafiri na mtoto wa miaka tisa, au na mzazi aliyerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, hujali kila gari linalopita. Kwa watu wa namna hiyo nimeandika tathmini hii ya njia inayofuata mfereji wa Garonne, kutoka Toulouse hadi Castets-en-Dorthe, ambayo niliiendesha yote katikati ya Septemba. Katika kilomita zake zipatazo 193, gari nililokutana nalo lilikuwa lile la mara mojamoja la mwenye nyumba iliyo kando ya mfereji, likienda polepole kama baiskeli yangu.

Utambarare wa njia hii umetokana na kazi ya mfereji wenyewe. Mto Garonne hufurika na kukauka kwa namna isiyotabirika, na mashua za mizigo hazikuweza kuutegemea, kwa hiyo ukachimbwa mfereji sambamba nao, uliokamilika mwaka 1856, ili kuuendeleza hadi upande wa Atlantiki ule Mfereji wa Midi, unaotoka bahari ya Mediterania hadi Toulouse, uliofunguliwa mwaka 1681. Bahati yake haikudumu, kwa kuwa reli ya kutoka Bordeaux ilifika miaka hiyo hiyo ikauchukua mzigo. Kilichobaki ni njia ya kando ya maji, ambayo leo imewekwa lami karibu kote.

Maji ya mfereji hukaa sawasawa kama maji ya beseni, na pale ardhi inaposhuka yamejengewa malango, yaani vyumba vya maji vyenye milango pande mbili vya kupandishia na kushushia mashua, 53 kwa jumla. Mwendesha baiskeli huyatambua malango hayo kwa miguu kabla ya macho: unakanyaga kilomita tatu au nne bila kuhisi badiliko lolote, kisha mnyororo unalegea ghafla, baiskeli inateremka mita chache peke yake, na unajikuta kando ya kijumba cha mtunza lango chenye namba na jina ukutani. Niliketi kwenye mojawapo kabla ya Montech nikila mkate, nikaangalia familia moja ikipitisha mashua yake. Juu ya maji, mita kadhaa kabla ya lango, ilining'inia fimbo kutoka kwenye waya. Binti aliyesimama kwenye omo aliinyakua na kuizungusha kidogo, taa ikabadilika, na baada ya muda milango mizito ikaanza kufunguka yenyewe. Mashua ikaingia, ikashuka taratibu hadi kofia ya baba yake ikawa usawa wa viatu vyangu, ikatoka upande wa pili. Shughuli nzima ilichukua kama robo saa, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

Montech penyewe panastahili kusimama zaidi ya robo saa. Mwaka 1974 wahandisi walijenga hapo mteremko wa zege ulio kando ya malango matano, ambamo injini mbili kubwa zenye magurudumu ya mpira ziliisukuma mashua ikiwa inaelea ndani ya kabari ya maji, ikapanda zaidi ya mita 13 bila kupita lango hata moja. Mtambo huo haufanyi kazi tena, lakini injini zake ungali unaweza kuzisogelea na kuzitazama, na kwa kweli sijui mahali pengine ambapo mtoto ataelewa upesi hivyo kwamba maji yanaweza kusukumwa kupanda mlima.

Kasoro kubwa ya njia hii niitaje wazi: inafanana. Mstari mnyoofu, maji ya kijani kibichi, safu mbili za miti ya platani, kisha mstari mnyoofu tena. Siku ya pili mchana nilianza kuhesabu madaraja ili nisilale. Dawa yake ni kutoka kwenye mfereji kila siku angalau mara moja, na bahati njema ni kwamba miji ya kutokea ipo. Moissac ndiyo ya kwanza katika hiyo. Ua wa ndani wa abasia yake, yaani makao ya zamani ya watawa, uliokamilika mwaka 1100, una nguzo zenye vichwa 76 vya mawe yaliyochongwa, na vingi kati ya vichwa hivyo vina habari yake. Nje sokoni ulikuwa msimu wa zabibu za chasselas, za manjano kama asali, ambazo muuzaji aliziweka mkononi mwangu kishada kizima nionje kabla sijauliza bei. Upande wa chini zaidi, katika kanisa la kijiji kidogo cha Le Mas-d'Agenais, kuna picha ya Kristo msalabani iliyochorwa na Mholanzi Rembrandt mwaka 1631. Kupanda kutoka kwenye mfereji hadi hapo ni mlima mfupi mkali, na ndio mlima pekee niliopanda kwa hiari yangu.

Agen ndiko mfereji unakovuka mto. Daraja lake la mawe lina matao 23, na juu yake hupita maji badala ya barabara, kwa hiyo unaendesha ukiwa na mfereji uliotulia upande mmoja na, chini kabisa, Garonne yenyewe ikikimbia upande mwingine. Njia hapo ni nyembamba. Shukeni na kusukuma kama kuna watu wengi, kwa sababu wenyeji huitumia kwa matembezi ya jioni, na kengele ya baiskeli haiwaongezei nafasi ya kupisha.

Kuhusu hali ya njia, tahadhari mbili. Mizizi ya platani imeinua lami katika baadhi ya maeneo, na kwenye kivuli haionekani mpaka tairi limeshaipanda. Mkoba wangu wa nyuma uliruka kutoka kwenye keria hivyo, ukasimama hatua mbili kutoka majini, na tangu hapo niliufunga kwa mpira wa ziada. Tahadhari ya pili ni chini ya madaraja, ambako njia hujikunja na kuwa finyu kiasi kwamba anayetoka upande wa pili humwoni. Pigeni kengele kila mara.

Malazi ni mengi kuliko nilivyotarajia. Alama ya Accueil Vélo, ambayo hupewa nyumba zilizo ndani ya kilomita tano kutoka kwenye njia, humaanisha kwamba baiskeli italala mahali salama na kwamba kuna vifaa vya matengenezo madogo. Nyumba moja niliyolala, isiyokuwa na alama hiyo, iliniahidi kwa simu banda la kufungwa na kufuli, kumbe ni ua wazi. Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi tandiko lilikuwa sifongo. Ulizeni swali hilo kabla ya kulipa. Chakula nacho kina saa zake: majiko mengi ya mikahawa hufungwa saa nane mchana, na mwenye duka la mkate akipumzika Jumatatu hakuna wa kumwamsha.

Upepo hutoka magharibi mara nyingi, yaani usoni mwa anayeelekea Bordeaux, ingawa miti huupunguza nguvu. Reli iko karibu muda wote, na treni za mikoani, ziitwazo TER, zinazosimama Moissac, Agen na Marmande hupokea baiskeli, kwa hiyo asiyeweza siku tano anaweza kuchukua mbili. Mimi ningechagua Moissac hadi Agen.

Castets-en-Dorthe mfereji unaingia mtoni na ahadi inakatika. Kufika Sauveterre-de-Guyenne, inakoanzia njia nyingine isiyo na magari iliyojengwa juu ya reli ya zamani na kupewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa mbio za baiskeli za Tour de France za 1937, ni lazima upite barabara za kawaida zenye vilima na magari. Mimi nilizipita peke yangu na sikujuta, maana kilomita za mwisho hadi Bordeaux kati ya mizabibu ni nzuri mno. Ningekuwa na mtoto, ningeishia La Réole, mji ulio kabla ya Castets, na kupanda treni.