TAHADHARI: Anapuliza mafuta kwenye kigurudumu cha kamera, kisha anakutoza spea mpya

Wenye kamera za dijitali za zamani, someni hii kabla hamjamtumia mtu kamera wala hela. Kuna muuzaji anajitangaza mtandaoni kuwa ni bingwa wa vigurudumu vya kamera, vile vya kubadilishia kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na tundu la lenzi, ambavyo vikichoka huanza kuruka namba. Anadai anakufungia kipya kutoka kiwandani. Hafungi kitu. Anapuliza mafuta, anafuta juu, anakurudishia na bili ya spea.

Kamera yangu ilikuwa na ugonjwa ambao wengi mnaujua: unasogeza kasi ya shata hatua moja kutoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/160, namba inarudi 1/100, inaganda, halafu inaruka hatua tatu kwa mpigo. Yeye akasema kigurudumu kimekufa, akataka alipwe zote kabla ya kazi. Nilipomwomba anirudishie kile kilichotolewa, akajibu kwamba amekitupa. Kamera iliporudi ilikuwa inazunguka laini ajabu. Haikupita muda ikawa mbovu kuliko mwanzo.

Fundi mwingine aliifungua mbele yangu. Kigurudumu kilikuwa kilekile cha zamani, kimelowa mafuta, na vumbi limegandamana humo hadi kuwa tope jeusi. Skrubu mbili vichwa vimetafunwa, alama ya bisibisi isiyolingana nazo. Kilichoniuma zaidi ni kuona mafuta yameshaanza kutambaa kuelekea kioo cha kulengea. Yakifika kwenye mapazia ya shata, hapo gharama ni nyingine kabisa.

Mjue kwa nini hila hii inafanya kazi. Katika kamera nyingi, ndani ya kigurudumu kuna vibrashi vyembamba vya chuma vinavyoteleza juu ya vipande vinavyopitisha umeme. Vinatoa ishara mbili zinazopishana kidogo, na kamera inajua umezungusha upande gani kwa kuangalia ipi imetangulia. Pakiingia uchafu au kutu nyembamba, ishara moja inakosekana, na kamera inadhani umerudi nyuma. Mafuta ya kupuliza kama WD-40 ya kawaida yanausogeza uchafu pembeni, kwa hiyo siku za mwanzo utafurahi. Lakini hayakauki yakaisha. Yanabaki mle ndani yakivuta vumbi.

Kazi halali mara nyingi ni ndogo: betri inatolewa, linawekwa tone la spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kigurudumu kinazungushwa huku na huku mara nyingi, kisha kamera inaachwa ikauke kabisa. Vibrashi vikiwa vimelika, spiriti haisaidii, na hapo fundi mkweli atakwambia wazi kwamba atakitoa kigurudumu kwenye kamera iliyokufa ya aina hiyohiyo. Watengenezaji huacha kutoa spea miaka kadhaa baada ya kusitisha modeli, kwa hiyo mtu anayekuahidi kigurudumu kipya kabisa cha kamera ya mwaka 2005 mwombe akuonyeshe kikiwa kwenye pakiti yake kabla hujalipa hata senti.

Msije mkaifungua wenyewe kwa hasira, tafadhali. Kamera yenye flashi ndani ina kapasita, yaani kifaa cha kutunzia umeme, inayoweza kushika umeme wa volti 300 hivi, hata betri ikiwa mezani.

Kuna na hili, nalo limewaliza watu. Kwenye Canon EOS 20D, 30D, 40D, 50D, na 5D mbili za mwanzo, swichi ya kuwashia ina nafasi tatu. Ukiishia kwenye ON, kamera inapiga picha vizuri tu ila gurudumu kubwa la nyuma halibadilishi kitu, mpaka usogeze swichi hadi nafasi ya tatu yenye alama ya mstari. Huo si ubovu. Mtu akikutoza "matengenezo" ya gurudumu la nyuma kwenye kamera hizo, anza kwa kuangalia swichi ilikuwa wapi.

Muuzaji huyu anauza pia kamera zilizotumika, na anazipuliza vilevile kabla ya kukuonyesha. Weka kamera kwenye hali ya kuchagua kasi ya shata, anza 1/60, sogeza polepole hatua kumi upande mmoja ukihesabu kila hatua unayoihisi kidoleni, kisha rudi hatua kumi. Lazima isimame 1/60 ileile. Rudia kwa kuzungusha haraka. Nusa kingo za kigurudumu: harufu ya mafuta au mng'ao kwenye plastiki ni sababu tosha ya kuondoka. Ukinunua kwa mbali, dai video ya jaribio hilo bila kukatwa, na uhakikishe una haki ya kuirudisha, kwa sababu mafuta mabichi yanaweza kupita jaribio la siku ya kwanza.

Ambaye kamera yake tayari iko kwa muuzaji huyu, aitake irudi kama ilivyo, bila kulipa zaidi. Aliyeshalipa asifute ujumbe wowote. Apige picha skrubu na kigurudumu pindi tu anapofungua kifurushi, kisha apeleke malalamiko mapema kule alikopitishia malipo, kwa kuwa muda wa kudai hela huwa na ukomo.