Uzoefu wangu na mashine ya kupima injini za dizeli yenye menyu ya Kiswahili, miezi 8 Dodoma na boti moja la Mtera

Nina miezi nane na hii mashine sasa, nadhani naweza kuiongelea bila kuionea wala kuibeba. Ni ile ya mkononi ya kusomea kodi, yaani namba za makosa, za injini za dizeli, ukubwa wake kama tofali, ina kava la mpira la rangi ya chungwa, inakuja na kibegi na waya tatu, wa soketi ya duara ya pini 9, wa pini 6 za zamani na ule bapa wa pini 16 wa magari madogo. Nilichukua laki sita na nusu kwa muuzaji wa mtandaoni, akaipakia kwenye basi nikaipokea stendi Nanenane. Jina silitaji maana hata sijui jina lake halisi ni lipi, kila muuzaji anabandika stika yake.

Kilichoniponza ni maneno "menyu ya Kiswahili". Gereji yangu iko Kizota, nina vijana wawili wanajifunza kazi, Kiingereza chao ni cha kubahatisha na mimi mwenyewe si wa kujisifia. Nikasema hapa nimepata, dogo atachomeka, atasoma, ataniita mi niko chini ya lori huko.

Kwenye malori sina neno. Howo, jenereta mbili tatu za hapa mjini, unachomeka ile ya duara, unawasha swichi bila kupiga stata, kabla hujamaliza kufuta mikono imeshaongea na kontroo boksi, ile kompyuta ya injini, na inakuletea kodi zilizo hai, zilizopita, na kila moja imetokea mara ngapi. Hapo nimesharudisha hela yangu na chenji. Mteja mmoja tu ndo alishtuka kusikia dogo anamwambia "mzee una kodi mbili hujafuta", akauliza na nyie mmeanza kazi ya TRA.

Shida ni hicho Kiswahili chenyewe.

Kwa asiyejua, injini nyingi za dizeli za sa hivi, iwe ya lori, ya jenereta au ya boti, zinaongea lugha moja inaitwa J1939. Kosa linakuja na namba mbili. Ya kwanza SPN, inakwambia ni kitu gani: 110 joto la maji ya injini, 100 presha ya oili, 157 presha ya dizeli kwenye reli (lile bomba linalogawia nozo dizeli), 97 maji kwenye dizeli, 168 volti za betri. Ya pili FMI, inaanzia 0 inaishia 31, inakwambia hicho kitu kimekosea vipi, na hii ya pili ndo yenye pesa. SPN 100 na FMI 1 maana yake presha ya oili imeshuka kweli, zima injini sasa hivi usimsubiri mtu. SPN 100 hiyohiyo na FMI 4 maana yake volti za ile sensa zimeshuka, yaani hiyo ni kesi ya umeme, waya au sensa yenyewe, oili inaweza ikawa iko freshi kabisa.

Sasa aliyetafsiri hii menyu sijui alikuwa nani, ila gereji hajawahi kukanyaga. SPN kaiita "namba ya kigezo mtuhumiwa". Sailensa, ile injini ikiwa inanguruma tu hujakanyaga mafuta, kaiita "kasi ya uvivu". Waya uliopiga shoti kwenye arthi, anakwambia "imefupishwa chini", kama suruali imepelekwa kwa fundi cherehani. Presha ambayo kontroo boksi inaitaka kwenye reli, kaandika "shinikizo linalotamaniwa", na ile iliyopo kweli kaiita "shinikizo halisi", hii ya pili sawa, ila kutamani! Mtandao wa kontroo boksi ukikata mawasiliano inaandika "basi limezimwa". Mwanzo tulikuwa tunacheka, vijana wangu mpaka leo wanaitana mtuhumiwa. Kicheko kiliisha Mtera.

Mwezi wa saba, ule upepo na baridi yetu mnaijua, akanipigia mzee mmoja ana boti la faiba pale bwawani, anavushia watu na kuchukua perege za wavuvi. Injini ni ya ndani, dizeli, silinda nne, komoni reli, alinunua ikiwa imetumika. Tatizo haivuki mizunguko 1,400 kwa dakika, ukisukuma mkono wa mafuta inajizuia tu, haitoi moshi, haimisi, taa ya njano inawaka, na kuna king'ora cha oili kinalia kikijisikia. Nikabeba mashine na dogo mmoja, tukashika barabara ya Iringa, Mpunguzi, Fufu, mpaka Mtera.

Shikamoo, marahaba fundi, karibu, tukaingia botini. Kwanza kuipata soketi tu ni shughuli, kwenye lori unainama chini ya dashibodi umemaliza, kule imefungwa nyuma ya injini kwenye unyevu, nikaikuta pini zina kutu ya kijani. Nikasafisha kwa mswaki na spirei ya umeme, nikachomeka. Ikasoma, ikakata. "Basi limezimwa". Nikachomoa nikachomeka tena, ikasoma nusu ikakata. Dogo ananiangalia, mzee ananiangalia, na mi naangalia maji.

Hapa mnisikilize wenye kazi za waya. Zima umeme wote wa boti kwanza, chukua mita ya kawaida, pima omu kati ya zile nyaya mbili za mtandao, kwenye ile soketi ya duara ni pini C na D. Inatakiwa usome karibu na 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao kuna kizuizi (rezista) cha omu 120 na viwili vikikaa sambamba vinatoa 60. Mi nikasoma 120 kasoro kidogo. Maana yake kimoja hakipo. Tukafuata waya mpaka kwenye paneli ya usukani, tukakuta mtu alibadilisha saa ya mizunguko, akauacha mwisho wa waya unaning'inia, kile kikofia chenye kizuizi hakipo. Nikaungia rezista ya omu 120 niliyokuwa nayo kwenye boksi la takataka, nikapima 60, nikachomeka, ikashika haikukata tena. Hilo si kosa la mashine, ila mashine ingeniambia "mawasiliano yamekatika, kagua waya" badala ya kuniletea habari za basi ningeokoa saa nzima.

Ikaleta kodi mbili hai. Ya kwanza iliandika "shinikizo la reli ya mafuta, chini ya kawaida, wastani". Ya pili "shinikizo la mafuta ya injini, volteji chini au imefupishwa chini". Nami nikasoma mafuta, mafuta, yote chini. Niseme ukweli wangu, nikamwambia mzee pampu ya presha imekwisha. Mzee hakubisha, akavuta simu akaanza kuulizia bei ya pampu Dar, akatajiwa, akakaa chini kwenye ukingo wa boti akawa kimya. Bei yenyewe ilikuwa ya kununua injini nyingine iliyotumika.

Usiku gesti sikulala vizuri. Kitu kikawa kinanikera, kama pampu imekufa mbona asubuhi inapiga stata moja inawaka? Nikaitoa mashine kwenye kibegi, kodi nilikuwa nimezihifadhi, nikaacha kusoma maneno nikasoma namba. 157 na 18. 100 na 4. Aisee nilijisikia vibaya. Ile "mafuta" ya kwanza ni dizeli, ile ya pili ni oili! Mtafsiri kavipa jina moja vitu viwili ambavyo hata mtoto wa gereji wa wiki ya kwanza havichanganyi, sisi tunasema oili na dizeli, basi, hakuna fundi anayesema mafuta ya injini akiwa anaongea na fundi mwenzie. Kwa hiyo sikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa, nilikuwa na magonjwa mawili madogo yasiyojuana.

Asubuhi nikamwambia mzee naomba radhi, usitume hela Dar kwanza. Akanijibu "kijana wangu, hela yenyewe sikuwa nayo".

Tukaanza na oili. Nikafungua ile sensa, nikafunga geji ya mkono, injini ikawashwa, sailensa ikasoma baa 3 na ushee, oili iko safi. Nikarudisha sensa, nikachomoa plagi yake, nikapima umeme unaoletwa pale, volti 5, sawa. Nikapima waya wa ishara dhidi ya chuma cha injini, mita ikalia, shoti. Kuufuatilia, ulikuwa umelala juu ya breketi ya alteneta, mtikisiko wa boti umeusaga mpaka shaba inaonekana, nyekundu inameta kabisa. Tepu, kipande cha bomba la plastiki la kufichia waya, nikaufunga mbali na breketi, king'ora kimya mpaka leo.

Ile 157 na 18 sasa. Hapa mashine inastahili sifa zake maana ukurasa wa kusoma injini ikiwa inafanya kazi ni mzuri, unachagua mistari minne unaiangalia ikicheza pamoja. Sailensa inatamani baa 400 ina 390, hamna shida. Dogo akasukuma mkono wa mafuta, inatamani 1,000 inapata 600 na inatetemeka, inapanda inashuka, halafu kontroo boksi inakata tamaa inajizuia. Huko kutetemeka ndo kulinifanya nishuku hewa, nikiwaza kwamba pampu iliyochoka ingeshuka taratibu. Nikakata nikaweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kati ya chujio la kutenga maji na injini. Ukaona mapovu yanapita kama soda. Mpira wa kutoka tangini kuingia kwenye lile chujio ulikuwa umefungwa na bainding waya, klipu hakuna, na upande ule pampu inanyonya kwa hiyo dizeli haivuji nje, hewa ndo inaingia ndani, ndo maana hakuna aliyeona hata tone. Klipu mbili, mpira mpya, chujio zote mbili mpya, kutoa hewa kwa pampu ya mkono. Ikapanda mpaka 2,600 bila kujizuia. Mzee akaizungusha bwawani raundi mbili akirudi anacheka peke yake.

Gharama yote haikufika hata robo ya bei ya ile pampu, pamoja na nauli yetu na samaki tuliokula.

Baada ya hapo nikawa naitumia kwa Kiingereza na vijana nimewabandikia karatasi kwenye mfuniko wa kibegi, imeandikwa kwa maka, FMI 3 na 4 ni volti, 5 waya umekatika, 0 na 1 kitu chenyewe kweli kimepanda au kimeshuka, 15 mpaka 18 ni ya kwelikweli pia ila haijawa mbaya sana. Ajabu wanasoma haraka kuliko walivyokuwa wanasoma Kiswahili cha mashine. Menyu ya Kiswahili naitaka sana, ila iandikwe na mtu anayejua oili ni oili.

Mengine kwa ufupi. Namba za SPN kuanzia 516096 kwenda juu ni za mtengenezaji mwenyewe, hapo hii inakuandikia "haijulikani" na inakuacha hapohapo. Kwenye lile boti ilikataa pia kuzima nozo moja moja na kuingiza namba za nozo mpya, kazi hizo zinataka programu ya kampuni husika, Cummins wana INSITE, Caterpillar wana Cat ET, Volvo Penta wana VODIA, na bei zake si za Kizota. Kioo chake juani hakionekani, pale Mtera nilikuwa najifunika koti kama mpiga picha wa zamani. Haina betri, inakula umeme wa injini, kwa hiyo ukikuta betri ya boti imechoka na yenyewe inazima ukiwa unapiga stata, hii imenikera mara nyingi kuliko tafsiri.

Na kwa wa boti msiikariri kama lori. Joto likipanda, 110 na 0, kwenye lori unakimbilia rejeta na feni, boti halina rejeta, maji ya bwawa yanavutwa na pampu yenye kipangaboi cha mpira yanapita kupoza maji ya injini. Maji ya Mtera yakishuka matope yanakuwa mengi, chujio linaziba na kile kipangaboi kinakatika meno. Mashine itakuambia joto tu.

Muuzaji nilimtumia picha ya maneno yote mabovu, kurasa sita. Alinijibu "tutafikisha kwa wahusika" na emoji ya mikono. Sasisho lilikuja mwezi wa kumi, nikapakua kwa MB zangu mwenyewe, nikafungua kwa hamu. Basi bado limezimwa. Ila "kasi ya uvivu" wameibadilisha, sa hivi inasomeka "kasi ya kupumzika".