Begi la kujifungulia la Mwanjelwa: zipu iligoma nikiwa leba

Mjamzito mwenzangu wa Mbeya, kabla hujatuma hela ya begi la kujifungulia lile linalouzwa likiwa limeshafungashwa kila kitu, nisikilize kwanza. Nazungumzia yale mabegi ya pinki na ya bluu yenye picha ya dubu mbele, yaliyojaa siku hizi kwenye stetasi za WhatsApp. Langu nilinunua kwenye duka moja pale Mwanjelwa, elfu tisini na tano, bodaboda akaniletea mpaka mlangoni. Duka silitaji jina. Mwenyewe akisoma atajijua, maana sauti aliyonitumia bado ninayo kwenye simu.

Nianze na haki yake, maana sipendi kumsema mtu kwa upande mmoja. Vitu vya ndani vilikuwa vizuri. Mpira wa kutandika ulikuwa mzito, si ile naironi inayochanika ukijigeuza mara moja. Glavu zilikuwa zile zinazofungwa jozi jozi kwenye karatasi yake, siyo za kuchomoa kwenye boksi, na aliyewahi kuingia leba anajua kwa nini hilo ni jambo kubwa. Pamba kubwa ilikuwepo, klipu za kitovu, nyembe, pedi ndefu za wazazi, na khanga zilizokwisha kufuliwa. Hilo la khanga lilinifurahisha kweli, kwa sababu khanga mpya ina wanga, unamfuta nayo mtoto maji yanateleza tu. Halafu kulikuwa na sweta la mtoto la kufuma kwa mkono, rangi ya maziwa, na kofia na soksi zake. Sweta ndilo lililonifanya nitoe hela. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu si wa mchezo, usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na vifurushi vingi vinavyoletwa kutoka Dar es Salaam vina vifulana vya mikono mifupi vya mtoto wa pwani.

Kuna atakayeniuliza kwa nini ninunue wakati huduma ya uzazi ni bure. Kwenye sera ni kweli, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawalipii kwenye vituo vya serikali. Lakini ukifika kliniki miezi ya mwisho unaambiwa ujiandae na vifaa vyako, maana ukifika siku ambayo stoo vimeisha, ndugu yako ndiye atakayehangaika na maduka ya dawa usiku wa manane. Kila mwanamke wa hapa anajua, na biashara ya haya mabegi imesimama juu ya hofu hiyo.

Sasa tuje kwenye zipu.

Begi lililetwa limevirigwa naironi juu, na dada wa duka akanisisitiza kwa simu: “Usilifungue mpaka siku yenyewe, nimeshapanga kitaalamu, vitu ni safi kabisa.” Ana wateja wengi, ana picha za akina mama wakimshukuru na vichanga mkononi. Nikafuata maelekezo yake. Kadi ya kliniki nikaiweka kwenye mfuko wa pembeni, begi likakaa juu ya kabati likisubiri.

Uchungu ulinishika usiku. Mama mkwe akaita bajaji, tukashuka na barabara kuu kutoka Uyole, baridi inakata masikio, yeye kalikumbatia begi kama ndiyo mtoto mwenyewe. Hospitalini yeye alibaki nje kama ilivyo kawaida, mimi nikaingia leba na begi langu. Mkunga alinipima, njia ilikuwa imeshafunguka sana, akasema hapa hakuna kusubiri, toa vifaa. Alikuwa ameshavaa glavu kwa hiyo hawezi kugusa begi la mtu. Akamwambia binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi anifungulie.

Zipu ikatembea upana wa vidole vinne, ikakwama.

Baadaye wodini nililigeuza lile begi nikaliangalia vizuri, kwa hiyo najua kilichotokea. Ndani lina kitambaa chepesi sana cha naironi, kile kinachong’aa, na fundi hakukishona kufuata ukingo wa zipu. Kimening’inia tu. Begi likishindiliwa vitu mpaka likafura, kitambaa kinasukumwa kuelekea kwenye meno, na kichwa cha zipu kikipita kinakimeza. Ukivuta mbele kinazidi kumeza. Ukirudisha nyuma kimeshang’ata. Na kile kijikamba cha kushikia chenye kidubu cha plastiki, cha kupendezesha, kilikatika mkononi mwa yule binti kwenye mvuto wa pili. Akabaki anahangaika na kichwa cha zipu kwa kucha, na yeye kucha hana, kama mwanafunzi wa uuguzi anavyotakiwa.

Mimi niko kitandani naona yote. Nataka mwanamke mwenzangu aelewe. Uchungu upo, unakuja na kuondoka, ila pale katikati akili yangu yote ilikuwa kwenye lile begi. Nasikia “kri, kri, kri” ya zipu isiyosogea. Binti anasema, “Sista, halifunguki.” Mkunga anasema, “Vuta.” Anasema, “Nimevuta.” Glavu na klipu mkunga alitumia za pale pale, Mungu awabariki, siku hiyo zilikuwepo. Lakini nguo za mtoto hospitali haina. Mtoto akatoka, mkunga akanyoosha mkono bila kugeuka: “Nguo kavu, mbili.” Moja ya kumkausha na nyingine ya kumfunika, maana ile ya kwanza inalowa, na ikibaki mwilini inamnyonya joto. Kichanga joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na akiwa amelowa, kwenye chumba cha Mbeya mwezi wa baridi, halikai hapo.

Elfu tisini na tano yangu ilikuwa pale sakafuni, khanga zimefuliwa, sweta la maziwa limekunjwa, na mwanangu hana cha kufutiwa.

Iliyomfuta ni khanga niliyoingia nayo mabegani. Na aliyemfunika ni mama wa kitanda cha pili. Simjui jina. Alikuwa katikati ya uchungu wake mwenyewe, ameinama ameshika chuma cha kitanda, akasukuma ndoo yake kwa mguu kuelekea kwa yule binti. Ndoo ya plastiki ya kawaida yenye mfuniko. Binti akang’oa mfuniko, juu kabisa kulikuwa na shuka la flana la mtoto, zito, limekunjwa. Mkunga akamlaza mwanangu kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akatufunika na flana ya mtu. Mama yule alikuwa anaongea Kinyakyusa na mkunga, basi nikakusanya maneno niliyo nayo nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana. Akanijibu kwa kichwa tu, uchungu ulikuwa umemrudia.

Begi langu lilikuja kufunguliwa mimi nimeshashonwa. Binti alilichana ubavuni kwa mkasi.

Nilipotoka hospitali nikatulia siku kadhaa, kisha nikamtumia mwenye duka picha ya zipu na maelezo, kwa heshima kabisa. Nilianza na “dada yangu habari za kazi”. Sikudai hata hela. Nilitaka ajue, ili yaliyobaki dukani ayakague kabla mwingine hajaingia nalo leba. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia watu wanacheka na redio inaimba: “Dada, begi lile ni ofa. Wewe ulichonunua ni vifaa, na vifaa umekuta vyote kamili. Zipu mimi sijatengeneza, limetoka kiwandani hivyo. Ukija kwa mtoto wa pili nitakupunguzia elfu tano.”

Mtoto wa pili! Nyuzi za mshono hazijanitoka, mtu ananiuzia mtoto wa pili.

Nikamuuliza tena, taratibu, hayo mengine yaliyobaki atayafanyaje. Tiki mbili za bluu, kimya. Jioni ile ile akaweka stetasi, mabegi yale yale ya dubu yamepangwa kama matofali: “Mzigo mpya umeingia, wahi mapema mama kijacho.”

Begi ni ofa. Hili neno ndilo linaloniwasha mpaka leo. Kama begi ni ofa, mbona kwenye tangazo ndilo linalopigwa picha? Mbona hakuna picha ya pamba? Watu wananunua lile begi, wanaona dubu, wanaona mifuko, wanaona wataonekana nadhifu wodini. Na anayeuza kitu cha kubebea vifaa vya kumpokea binadamu hawezi kusema kufunguka kwake hakumhusu. Kufunguka ndiyo kazi yenyewe. Vifaa vizuri visivyotoka ni sawa na visivyokuwepo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema vifaa chukueni, begi ndilo baya. Sasa naona hata hilo siwezi kulisema kwa moyo mmoja. Maana hata upangaji aliouita wa kitaalamu nimeuona baada ya kuchanwa: juu kabisa kaweka sweta na kofia ili ukifungua upendezwe, na pedi, na kisabuni cha harufu. Glavu, mpira na klipu, vinavyoulizwa dakika ya kwanza, viko chini kabisa. Zipu ingefunguka bado yule binti angepekua mpaka chini. Mtu aliyewahi kuingia leba hapangi hivyo. Vifaa vya leba vinakaa peke yake kwenye mfuko wake, khanga mbili kavu juu. Nguo za mtoto na vitu vya mama vya wodini vinabaki na ndugu nje pamoja na chupa ya chai, atavileta baadaye. Hata mfuko wa kawaida unatosha, mradi ufunguke kwa mkono mmoja.

Na bado, jamani, lile sweta. Mtoto analivaa kila asubuhi, limefuliwa na halijavutika, shingo yake haibani, mikono ina urefu wa kukunja akue nalo. Mama mmoja jirani yangu Uyole anafuma ya namna hiyo, aliliona akaligeuza ndani nje akasema aliyefuma hili anajua kazi. Sasa hapo niseme nini? Kuna mtu mahali fulani kafanya kazi yake kwa moyo, na kazi yake ikafungiwa nyuma ya zipu ya hovyo na mtu asiyejali.

Basi sitasema msinunue. Hapana, nasema: lile begi msinunue, kwa bei yoyote ile, hata mkipewa.

Wifi yangu wa Mbalizi anatarajia mwishoni mwa mwaka, na pamoja na kumweleza yote haya bado ameng’ang’ania kwenda duka lile lile, kwa sababu ya mpira na hilo sweta. Nimemwambia sawa, nenda. Nenda na ndoo yako yenye mfuniko. Mwambie akutolee kila kitu mezani, kimoja kimoja, uhesabu, ukipange mwenyewe kwenye ndoo mbele yake, na begi la dubu umwachie pale pale juu ya kaunta. Akikuuliza kwa nini, mwambie ni ofa, na sisi hatuitaki.