Camry mpya usiisubiri: bei, mafuta na maneno ya mwenye gari, kutoka Mwanza

Mwangaluka wana Mwanza, na nyote mnaotazama kutoka Bukoba, Musoma, Geita mpaka Dar, habari zenu. Leo ni Camry. Tangu ile sura mpya itoke, meseji haziishi: "Kaka, hii inafika lini huku, na itasimama shilingi ngapi?" Jibu nakupa mapema usije ukamaliza bando bure: ile mpya usiisubiri. Nitakwambia kwa nini, halafu tutaiangalia ya kununua. Iko hapa nyuma yangu, tumeegesha Kapripoint, na mwenye gari yupo, maana funguo kaniambia ataniachia akiwa amekaa ndani.

Ile mpya tuimalize haraka. Toyota waliionesha Novemba 2023, ikaanza kuuzwa Marekani mwaka uliofuata kama modeli ya 2025. V6, yaani injini ya silinda sita, wameifuta. Sasa ni haibridi tupu: injini ya lita 2.5 na mota za umeme, nguvu za farasi 225 kwa inayovuta mbele, 232 kwa inayovuta tairi zote nne. Sura imenyooka, taa za mbele zimekunjwa kwa ndani, skrini kwenye matoleo ya juu ni inchi 12.3. Bei ya kuanzia Marekani ilipozinduliwa ilikuwa dola 28,400 kwa toleo la chini, LE, ikipanda mpaka dola 34,600 kwa toleo la juu, XSE, kabla ya usafiri na kodi za huko.

Najua hapo mtu keshatoa kikokotoo, kaona milioni sabini na kitu, kasema mbona inaongeleka. Ngoja kwanza. Hiyo usukani wake uko kushoto. Za usukani wa kulia zipo, Australia ilianzia dola zao 39,990, na Thailand na India wanayo pia. Lakini sisi magari tunatoa wapi? Japani, mnadani. Na Japani Toyota waliacha kuiuza Camry mwishoni mwa 2023, baada ya jina hilo kukaa sokoni kwao tangu 1980. Gari ikiwa haiuzwi Japani leo, miaka saba ijayo haitakuwa kwenye minada yao kwa wingi ule tuliouzoea. Na siyo Camry peke yake. Mark X iliishia 2019, Premio na Allion 2021. Hizi gari za chini tunazozipenda huku, wenyewe wameshahamia kwenye gari za juu na vigari vidogo vya mjini.

Ndiyo maana nasema ya kwetu ni hii, Camry iliyotangulia ile mpya. Kwenye makaratasi utaikuta AXVH70, ilitoka Japani Julai 2017. Ilipotoka ilianzia yeni milioni 3.3 hivi, na kwa Japani ilikuwa haibridi tu, hakuna ya petroli peke yake. Injini ni ile ya lita 2.5 pia, cc 2487, na ukijumlisha na mota unapata farasi 211. Urefu mita 4.88, upana mita 1.84. Siti ya nyuma wanakaa watu wazima watatu bila kubanana, na buti ni lita 524, yaani begi za familia nzima mkienda Bunda kwenye harusi zinaingia na sufuria juu yake.

Sasa bei. Hapa ndipo watu wengi wanaumia, kwa hiyo hapa nitakaa.

Bei unayoiona kwenye tovuti ya muuzaji ni mwanzo tu wa safari. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, unaingiza aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini, kinakupa thamani wanayoitambua wao. Uliyolipa mnadani ni habari yako na muuzaji wako. Tuchukue mfano mwepesi, thamani ya gari ikifika bandarini iwe dola 10,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, tumefika 12,500. Injini imezidi cc 2000, ushuru wa bidhaa asilimia 10 juu ya hiyo 12,500, tumefika 13,750. Halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote: 16,225. Bado tozo ya reli na ada ndogondogo za forodha, bado usajili, bado wakala, bado dereva wa kuitoa Dar mpaka hapa.

Halafu kuna uchakavu. Gari ikifikisha miaka 8 tangu itengenezwe, inaongezewa asilimia 15. Ikivuka 10, asilimia 30. Hiyo inaingia kabla ya VAT, kwa hiyo VAT nayo inapanda. Ile dola 10,000 yetu kwa asilimia 15 inafika 18,400 na ushee. Kwa asilimia 30 inapita 20,600. Unaona? Mtu anakimbilia ya 2017 kwa sababu mnadani ni rahisi kwa dola elfu moja au mbili kuliko ya 2020, halafu akifika bandarini ule unafuu wote anauacha pale pale, na gari aliyopata ni kuukuu zaidi. Viwango hivi hubadilika bajeti ikisomwa Juni, kwa hiyo siku unayotaka kulipa fungua kikokotoo upya, usitumie picha ya skrini uliyotumiwa na dalali mwaka jana.

Mama mwenye gari, shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

Mama anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nimemuuliza imemgharimu ngapi, kacheka. Alichokubali kusema ni kwamba mpaka inawekwa namba E ilishavuka milioni hamsini. Kabla yake alikuwa na Mark X ya 2.5, na ndiyo sababu nilimtafuta yeye na siyo mtu aliyetoka kwenye IST. Anajua gari tamu ikoje.

"Mark X ilikuwa na raha yake," anasema. "Ukikanyaga inakwenda. Lakini sheli walikuwa wananijua kwa jina."

Kwa matumizi yake ya mjini na safari za Sengerema na Geita, Mark X ilikuwa inampa kama kilomita 9 kwa lita. Camry inampa 18, barabara ndefu bila haraka inazidi kidogo. Yale maandishi ya Japani ya kilomita 28 au 33 kwa lita ni vipimo vya maabara, usiende nayo sheli. Ila 18 kwa gari ya ukubwa huu ni kunusa tu. Piga hesabu kwa mtu anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi, lita moja tuiweke 3,000 ili tusigombane, ingawa EWURA, wapangaji wa bei ya mafuta, wanaibadilisha kila mwezi na Mwanza daima iko juu ya Dar. Mark X itakula lita 167, Camry lita 83. Tofauti ni shilingi 250,000 kila mwezi. Kama wewe gari inatoka Jumapili kwenda ibadani na kurudi, tofauti hiyo huioni, na nitakuwa mkweli, kanunue kitu kidogo.

Mwanza inaipendelea haibridi kwa sababu ya vilima. Twende tuione. Hapa tunapandisha kuelekea Bugando, sikiliza injini, imeingia, inanguruma kidogo, sauti ya kawaida ya gia zake hizi zisizobadilika kwa hatua. Mtu wa Mark X hapo atanuna. Sasa tunageuza tunashuka. Nimeachia mafuta. Ona hapa kwenye dashibodi, mshale umegeuka, tairi ndizo zinazungusha mota, umeme unarudi kwenye betri. Nikigusa breki polepole unarudi zaidi. Tukifika chini kwenye foleni injini imezima kabisa, tunasogea kwa umeme. Bodaboda huyu mbele hajui kama tuko nyuma yake, kwa hiyo honi ya heshima kidogo.

Njia ya mawe ya kwenda juu Isamilo sikuijaribu, mama alikataa, na alikuwa sahihi. Chini kuna nafasi ya sentimita 14.5 tu. Matuta ya mtaani unayapanda kwa upande, watu wazima wakiwa nyuma usijaribu kwa haraka. Zamani shida yake kubwa ilikuwa kivuko cha Kigongo. Gari ya chini ikipanda mlango wa kivuko, bampa la mbele linalia. Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hiyo shida imekwisha, kilomita tatu juu ya maji na unaingia Busisi umekaa. Pale darajani ndipo gari hii inaonesha utulivu wake, upepo wa ziwa unapiga ubavuni na usukani hauhangaiki.

Sasa nije kwenye kile kinachowatisha watu. Betri. Mama alipoileta, fundi wake wa miaka yote alifungua boneti, akaangalia, akaifunga, akamwambia, "Mama, hii mimi simo."

Alikuwa muungwana. Wengine wangeingiza mikono. Zile nyaya za rangi ya chungwa ni umeme mkubwa, haziguswi na mtu asiyezijua. Lakini gari yenyewe haina maajabu ya kuharibika ovyo. Haina stata ya kawaida, haina oltaneta, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Kinachoua betri huku ni joto na uchafu, na nataka mkione kwa macho.

Sogeza kamera. Nimefungua mlango wa nyuma. Hapa chini ya siti, karibu na mlango, kuna matundu haya. Betri iko chini ya siti hii, na feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia hapa ili kuipoza. Nikichomoa kifuniko, hiki ndicho kichujio. Angalia rangi yake. Hii kijivu ni vumbi. Na hivi vinavyometameta ni magamba ya dagaa. Mama, hivi ni vya Mwaloni kabisa.

"Mizigo huwa naweka kwenye kirikuu, humu ni sampuli tu," anajitetea.

Sampuli nazo zina magamba. Kichujio kikiziba hivi, feni inapiga kelele, betri inachemka, na siku moja taa ya onyo inawaka ukiwa Misungwi. Kukitoa na kukipuliza ni kazi ya dakika chache. Fanya hivyo kila unapomwaga oili, na kama unaishi barabara ya vumbi huko Buhongwa au Igoma ndani, mara nyingi zaidi. Usiweke mkoba, nguo wala mtoto alale akiziba matundu haya. Na pale unapooshea gari, waambie vijana mapema: ndani ni kitambaa, siyo mpira wa maji. Maji yakizama chini ya siti hii umejitafutia kesi.

Oili. Injini hii ilitengenezewa 0W-16, nyepesi kama maji. Dukani watakwambia "weka hii nzito, Mwanza joto." Kataa, agiza mapema kama haipo. Betri ndogo ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, usihangaike kuitafuta mbele. Maji ya kupozea inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, yana chupa yake tofauti na ya rejeta, yakaguliwe yote mawili. Redio ya Japani inaishia masafa ya chini kuliko vituo vyetu vingi, na skrini imejaa Kijapani. Hilo ni la fundi redio, siyo sababu ya kuacha gari.

Ukinunua, tafuta ya kuanzia 2021 kama mfuko unaruhusu. Mwaka huo waliigusa uso, skrini ikainuliwa juu ya dashibodi, na uchakavu utakuwa mbali. Mfuko ukibana, 2019 au 2020 yenye karatasi ya mnada inayosomeka, daraja la 4 kwenda juu. Ukiona herufi R mahali pa daraja, gari ilishagongwa ikanyooshwa. Na yoyote ile, kabla hujalipa yadini, ipimwe betri kwa mashine na fundi wako, siyo fundi wa yadi.

Kulinganisha na Toyota Crown nimeulizwa sana. Crown ina hadhi, hilo halina ubishi, mlinzi wa geti anafungua kabla hujapiga honi. Ila kwa siti ya nyuma, kwa buti na kwa mafuta ya kila siku, mtu mwenye watoto watatu nampeleka kwenye Camry bila kufikiri mara mbili.

Mama, la mwisho. Akija mtu na hela mkononi leo, unauza?

"Alikuja mmoja na milioni arobaini. Nilimkaribisha maji ya kunywa, akanywa, akaenda."

Haya, mmesikia. Bei ya kile kichujio kwenye maduka ya spea hapa mjini naifuatilia wiki hii, nikiipata nitaibandika chini ya video. Maswali mengine yaandikeni hapo hapo, na taja mwaka wa gari yako ili nikujibu kitu kinachokuhusu.