TPS mpya, ya mtumba au ya bei rahisi: ipi ununue Mombasa

Gari linasitasita ukilikanyagia mafuta kupanda kutoka feri ya Likoni, taa ya injini inawaka, na mashine ya fundi inasoma kodi ya hitilafu P0121 au P0122. Utaambiwa TPS imekufa, katafute nyingine: ni sensa inayoiambia kompyuta ya gari throtoli (mlango wa hewa ya injini) imefunguka kiasi gani. Usikimbilie dukani. Kwa hewa yetu ya chumvi, soketi ya sensa hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ichomoe uangalie pini. Zikiwa na kutu ya kijani, zisafishwe, kisha fundi apime kwa mita, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Kwa kawaida waya mmoja huleta volti 5, na ule wa ishara huanzia karibu nusu volti, ukapanda taratibu hadi kama 4.5 throtoli ikifunguliwa. Volti zikiruka au kukatika njiani, basi nunua.

Namba moja kwangu ni mpya ya kampuni inayowaundia watengenezaji wa magari: Denso kwa Toyota nyingi, Hitachi kwa Nissan nyingi. Bei inauma, lakini kazi hii unaifanya mara moja. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye sensa yako (za Toyota huanza na 89452), maana mbili zinaweza kufanana umbo na zisifanane ndani.

Namba mbili ni ya mtumba kutoka Japani, kwa sharti. Ndani ya sensa za zamani mna kidole kinachosugua utepe wa kaboni, na utepe huo huchakaa zaidi pale throtoli inapokaa muda mwingi: karibu na kufungwa. Kwa hiyo inaweza kung'aa nje na kumbe imelika pale pale yako ilipolika. Ipimwe omu (ukinzani wa umeme) mbele yako, ikizungushwa polepole, na risiti iandikwe kuwa inarudishwa.

Zile za bei rahisi, za boksi lisilo na jina, siziweki hata namba tatu.

Gari lisilo na kebo ya eksileta lina hesabu nyingine. Sensa mara nyingi imo ndani ya bodi ya throtoli na haiuzwi peke yake, kwa hiyo hapo bodi nzima ya mtumba ndiyo inapanda namba moja.

Kama matundu ya skrubu ya sensa yako ni marefu, yaani inaweza kuzungushwa kidogo kabla ya kukazwa, fundi asikaze mpaka mita ionyeshe volti za kitabu cha gari lako throtoli ikiwa imefungwa.