Garratt za Afrika katika milima ya Wales: tathmini ya safari ya Reli ya Welsh Highland

Kiswahili kimeendelea kuiita treni gari la moshi hata baada ya moshi wenyewe kutoweka, na watoto wanaopanda treni za dizeli leo hulitamka jina hilo bila kujiuliza moshi uko wapi. Mimi ni wa kizazi kilichouona. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Voi katika miaka ya 1970, wakati injini za mvuke za aina ya Garratt, zile za daraja la 59, zilipokuwa zikipanda na mizigo kutoka Mombasa, na mlio wake ulitufikia darasani muda mrefu kabla ya injini yenyewe kuonekana. Ilinichukua zaidi ya miaka 40 kuusikia mlio wa namna hiyo tena. Niliusikia kaskazini-magharibi ya Wales, katika Reli ya Welsh Highland, ambayo wenyeji huiita Rheilffordd Eryri kwa lugha yao, na tathmini hii inahusu safari niliyoifanya huko kutoka Caernarfon hadi Porthmadog na kurudi.

Reli hii ina urefu wa kilomita 40, na ndiyo ndefu kuliko reli zote za urithi nchini Uingereza, yaani reli za zamani zinazohifadhiwa na kuendeshwa kwa ajili ya historia yake. Ni reli nyembamba, kwani upana kati ya chuma na chuma haufiki sentimita 60, ilhali reli yetu ya zamani ya Afrika Mashariki ina upana wa mita moja. Safari ya kwenda peke yake huchukua zaidi ya saa mbili. Treni huanza karibu na kuta za kasri la Caernarfon, ambalo Mfalme Edward wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1283, kisha hupitia mashamba ya kondoo, ikapanda polepole kando ya ziwa la Cwellyn chini ya mlima Snowdon, ikavuka sehemu ya juu kabisa ya njia yake baada ya stesheni ya Rhyd Ddu, ikateremka kwa mizunguko hadi kijiji cha Beddgelert, na hatimaye ikapenya korongo la Aberglaslyn kwa njia za chini ya miamba kabla ya kufika kwenye tambarare za pwani.

Mandhari hayo yanapendeza kwa kila abiria, lakini si yaliyonitoa nyumbani. Nilikwenda kwa ajili ya injini.

Msomaji ambaye hajawahi kuiona Garratt aifikirie hivi: badala ya injini moja yenye boila juu ya magurudumu yake na behewa la makaa nyuma, kuna seti mbili za magurudumu zenye silinda zao, moja mbele na nyingine nyuma, na boila limelazwa kwenye fremu iliyoning'inizwa katikati yao kama machela iliyobebwa na watu wawili. Mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, ndiye aliyeubuni mpangilio huu, na injini ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1909 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester kwa ajili ya Tasmania. Faida zake ni za wazi. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila linaweza kuwa nene na tanuri likawa na kina; kwa kuwa uzito umegawanywa kwenye ekseli nyingi, reli dhaifu haiumizwi; na kwa kuwa seti za magurudumu zinageuka kila moja kwa wakati wake, injini ndefu hupita kwenye kona ambazo injini ya kawaida ya nguvu hiyo isingethubutu. Mtu aliyezijua nchi za Afrika, zenye reli nyembamba, kona nyingi na milima mirefu, hahitaji kuelezwa kwa nini Garratt ilipendwa zaidi katika bara letu kuliko katika nchi ilikozaliwa.

Injini zinazovuta treni nyingi za Welsh Highland ni za daraja linaloitwa NGG16, na zote zilifanya kazi kusini mwa Afrika kabla ya kufika Wales. Namba 87 ilitengenezwa Ubelgiji na kampuni ya Cockerill mwaka 1937. Namba 138 na 143 zilitoka Beyer Peacock mwaka 1958, na historia yake ina mkasa: ziliagizwa na kampuni ya migodi ya Tsumeb, katika nchi ambayo sasa ni Namibia, lakini reli ya huko ikawa inapanuliwa kwa upana mwingine, hivyo zikachukuliwa na Shirika la Reli la Afrika Kusini na kupelekwa kwenye reli nyembamba za Natal, katika nchi ya miwa na mbao. Namba 143 ndiyo Garratt ya mwisho kutoka katika karakana hiyo ya Manchester. Niliposimama mbele yake, nikiutazama ule uso wake mpana wa tangi la maji, nilijihisi kama mtu aliyekutana na jamaa wa ukoo ughaibuni, mdogo wa umbo lakini mwenye sura ileile. NGG16 ina uzito wa tani 60 na ushei; daraja la 59 la kwetu lilikuwa na tani zaidi ya 250, na hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuizidi kwa uzito wala kwa nguvu katika reli za upana wa mita moja popote duniani.

Sasa niuseme mlio, kwa sababu ndio kiini cha tathmini hii. Seti zile mbili za magurudumu hazikuunganishwa kwa kitu chochote isipokuwa mvuke unaozilisha. Kila seti hutoa mipigo minne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mipigo ya zote mbili hutokea kwenye dohani moja. Zinapokwenda sambamba, unasikia mipigo minne mizito. Seti moja ikiteleza kidogo, mipigo huanza kupishana, ikawa minane myepesi, kisha taratibu ikarudi kukutana. Aliyekulia penye watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili anaujua mdundo huo: mara wanapokezana, mara michi inatua kwa pamoja, na mtu aliye nje ya ua anaweza kutambua bila kuona kwamba mmoja amechoka. Ndivyo tulivyokuwa tukiisikiliza 59 pale Voi. Hakuna makumbusho yanayoweza kuuhifadhi mlio huo, kwa kuwa haumo ndani ya chuma. Huzaliwa pale tu panapokuwa na moto, maji na mzigo wa kuvuta.

Kwa hiyo nasisitiza ushauri mmoja ambao mimi sikupewa: anzia Porthmadog. Mimi nilianzia Caernarfon, na upande huo injini hufanya kazi ya haki kutoka stesheni ya Waunfawr hadi Rhyd Ddu, lakini baada ya kilele huteremka ikiwa imefungiwa mvuke, ikinyamaza kabisa katika sehemu ambayo ina mizunguko mizuri kuliko zote. Wakati wa kurudi ndipo nilipoelewa. Kutoka stesheni ya Nantmor, chini ya korongo la Aberglaslyn, kwenda juu, na hasa kutoka Beddgelert, reli hupanda mita moja kwa kila mita 40, na hujikunja huku na huku msituni kiasi kwamba abiria wa behewa la nyuma huiona injini ikipita ubavuni mwake kana kwamba ni treni nyingine. Hapo dereva hufungua mvuke, mchochea makaa hapumziki, na mdundo ule wa michi miwili hurudishwa na miamba. Nilifungua dirisha nikatoa sikio, si kichwa, maana matawi ya miti yako karibu na onyo lililobandikwa si la kupuuzwa. Masizi yaliniingia kwenye kola ya shati. Sikujali hata kidogo.

Wapenzi wa reli huwatambua wenzao mara moja. Ndani ya treni wapo watalii wanaotazama mlima, na wapo wengine, wengi wao wenye mvi lakini si wote, ambao hawaitazami hata Snowdon yenyewe ikiwa upande huo injini haionekani. Hao huzitaja injini kwa namba tu, kama watu wanavyotaja majina ya ndugu, na humweleza mgeni kwa subira kwamba 87 ndiyo ya Ubelgiji, kwamba boila la injini ya mvuke kwa kawaida hufunguliwa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka 10, na kwamba injini iliyo mbele yetu ilianza kuwashwa moto alfajiri tukiwa bado tumelala, kwa sababu chuma hakipashwi kwa pupa. Kuna watu wanaoliona pendo hili kuwa mchezo wa watu wazima. Mimi naliheshimu, kwa kuwa ni pendo linalolipwa kwa kazi: wengi wa wanaoendesha, wanaochochea, wanaosafisha majivu, wanaong'oa magugu kwenye mataruma na wanaopiga filimbi ya gadi ni watu wanaojitolea, wanaoacha mapumziko yao ili watoke hapo na mikono myeusi.

Desturi hiyo ina mizizi katika Wales hiyohiyo. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua reli ya Talyllyn, kusini ya hapo, na kuifanya reli ya kwanza duniani kuokolewa na wapenzi wake. Reli ya Ffestiniog, inayokutana na Welsh Highland katika stesheni ya Porthmadog na ambayo ilifunguliwa mwaka 1836 kwa ajili ya kusafirisha mawe ya kuezekea, ilifufuliwa kuanzia mwaka 1955. Lakini Welsh Highland ilikuwa na kaburi lenye kina zaidi. Ilikamilishwa mwaka 1923, haikuwahi kupata abiria wa kutosha, ikafungwa mwaka 1937, na mwaka 1941, wakati wa vita, vyuma vyake vikang'olewa. Kilichobaki kilikuwa tuta la udongo na mashimo ndani ya miamba. Kipande cha kwanza kati ya Caernarfon na Dinas kilianza kutumika mwaka 1997, na njia ikafika Porthmadog mwaka 2011, ambako treni hukata kwa usawa reli ya upana wa kawaida, jambo lisilo la kawaida, kisha huingia barabarani mjini na kusimamisha magari. Kuijenga upya reli ambayo haikuacha hata chuma kimoja, kisha kuileta injini kutoka Natal ili izivute treni zake, ni kazi ambayo mhasibu peke yake asingeikubali.

Huduma ndani ya treni ilinitosheleza. Mabehewa ni safi, vikombe vya chai huletwa vitini, na matangazo pamoja na vibao vya stesheni hutolewa kwa Kiwelisi na Kiingereza, jambo lililonifurahisha kwa kuwa napenda kuona lugha ya wenyeji ikitangulia nyumbani kwake. Mwendo ni wa pole, na anayetafuta usafiri wa kufika mahali haraka atakerwa. Huyu apande basi. Siku nzima itengwe, nguo za mvua zibebwe hata wakati wa kiangazi, na ratiba ihakikishwe mapema, kwa kuwa treni ni nyingi kuanzia majira ya kuchipua hadi ya kupukutika na chache mno wakati wa baridi. Ni vyema pia kuuliza siku hiyo itavuta injini gani. Katika reli nyingine ya urithi, ambayo sitaitaja, niliwahi kufika na tikiti ya mvuke mkononi nikakuta dizeli imefungwa mbele bila mtu yeyote kututangazia, na watoto waliokuwa nami hawakusahau.

Suala la makaa linastahili kuzungumzwa, kwa sababu linaweza kuamua hatima ya safari hizi zote. NGG16 zilipofika Wales zilichomeshwa mafuta kwa miaka kadhaa, kisha zikarudishwa kwenye makaa ya mawe. Tangu mgodi wa Ffos-y-fran, ulio Wales kusini, ulipofungwa mwaka 2023, reli za urithi zimelazimika kutafuta makaa kutoka nje na kujaribu tofali za makaa zilizochanganywa. Mchochea makaa huhisi tofauti hiyo mkononi kabla ya abiria kuisikia.

Sikuweza kuizunguka injini ile pale Caernarfon jioni bila kufikiri juu ya Nairobi. Katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, wamesimama Mount Gelai na Mount Shengena, wawili waliosalia kati ya 34 wa daraja la 59, wakiwa na majina ya milima yetu ubavuni. Kila mpenzi wa reli wa Afrika Mashariki aende akawaone, awapapase, apande kwenye kibanda cha dereva na kuushika mkono wa mvuke. Atauona ukubwa wao wote. Kuwasikia ni jambo jingine, na kwa hilo, kwa sasa, ninaipendekeza Welsh Highland kuliko reli nyingine yoyote niliyowahi kupanda.

Nimekwisha kuanza kuweka akiba ya safari ya pili. Nitapanda asubuhi, behewa la kwanza nyuma ya injini, na safari hii nitaanzia Porthmadog.