Kolibri shuleni: maktaba isiyohitaji bando, na kazi mpya inayomwachia mwalimu

Kolibri ni programu ya bure inayoigeuza kompyuta moja kuwa seva ya masomo ya shule nzima. Wanafunzi hufungua video, mazoezi na vitabu kwa Wi-Fi ya ndani, bila intaneti. Watengenezaji wake ni Learning Equality, shirika lisilo la kibiashara la Marekani, na chimbuko lake ni KA Lite ya mwaka 2012, iliyobuniwa ili video za Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, zifike mahali pasipo na mtandao. Kolibri imeongeza vyanzo vingi vya masomo na, kubwa kuliko yote, ukurasa wa mwalimu. Tathmini hii inauegemea ukurasa huo, kwa sababu ndio unaoamua kama fedha za ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) na vishikwambi zitazaa chochote.

Tuanze na vifaa, maana shule nyingi hukwama hapo kabla hata mtoto hajafungua somo. Kolibri hukubali Windows, Linux, macOS, Android na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Wafadhili wengi hupenda kuleta Raspberry Pi kwa kuwa ni ndogo na hula umeme kidogo, lakini kwa shule ya kawaida ya Tanzania ningeanza na kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya GB 4 na diski ya SSD ya GB 256, mradi betri yake ishike angalau saa moja. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kompyuta mpakato huendelea. Raspberry Pi huzima papo hapo, na ikizimwa hivyo mara kwa mara memori kadi huharibika pamoja na kumbukumbu za wanafunzi. Raspberry Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Ukiichomeka kwenye chaja ya simu, hujizima au hupunguza kasi bila kutoa sababu inayoeleweka. Tena toleo hilo na yaliyolitangulia hayana saa inayotembea umeme ukizimwa. Bila intaneti ya kuirekebisha, ripoti ya Alhamisi itaonyesha tarehe ya wiki iliyopita, na mwalimu hatajua nani alifanya zoezi lini. Kama shule tayari inayo Pi, inunuliwe kimodyuli cha saa cha DS3231 chenye betri yake.

Seva iunganishwe na ruta kwa waya. Ikiunganishwa kwa Wi-Fi, kila kipande cha video husafiri hewani mara mbili, kutoka seva hadi ruta na kutoka ruta hadi kishikwambi, na kasi ya darasa zima hushuka karibu nusu. Ruta ya nyumbani ya bei nafuu huanza kuelemewa vifaa vinavyotazama video vikikaribia thelathini. Iweke darasani, juu ya ukuta, wala si ofisini nyuma ya ukuta wa zege na nondo. Kwenye mipangilio ya ruta, ihifadhie seva anwani moja isiyobadilika, mfano 192.168.1.50, kisha wanafunzi wafungue http://192.168.1.50:8080. Usipofanya hivyo, anwani inaweza kubadilika siku yoyote ruta ikizimwa na kuwashwa, na kipindi kizima kitaishia kwenye kuitafuta. Kwenye Windows kuna mambo mawili ya kurekebisha mapema: ruhusu Kolibri ipite kwenye ukuta wa moto (firewall) wa mtandao wa ndani, na zuia kompyuta isilale kifuniko kikifungwa.

Vishikwambi vina mtego wao. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, hurudi kimyakimya kwenye data ya laini ya simu, na mtoto huona ukurasa mtupu. Chagua kubaki kwenye mtandao huo ujumbe unapotokea, au zima data kabisa. Na msisahau visikizio. Vishikwambi ishirini vinavyotoa sauti kwa pamoja ni kelele tupu, hakuna anayejifunza.

Kuhusu masomo yenyewe, usipakue kila kitu. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB. Kolibri hukuruhusu kuchagua mada moja moja na hukuonyesha ukubwa wake kabla hujapakua. Pakua mahali penye mtandao mzuri, hamishia kwenye diski ya nje au flashi, kisha ingiza kwenye seva ya shule. Jihadhari na flashi feki, zile zinazojitangaza GB 128 ilhali zina 8: uhamishaji utaonekana umekamilika, halafu nusu ya video zigome kufunguka. Ipime kwanza kwa programu ya H2testw kwenye Windows.

Kwa shule za msingi, hadithi za African Storybook zipo kwa Kiswahili, na vipindi vya Ubongo Kids vya Dar es Salaam vinaeleweka tangu dakika ya kwanza kwa kuwa mazingira yake ni ya kwetu. Khan Academy ya Kiswahili inasaidia hisabati. Kwa sekondari isiyo na maabara, PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, ni hazina. Mwanafunzi huunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo, hubadilisha ukinzani na kuona mkondo ukipungua, bila kuunguza kitu. Udhaifu wa Khan Academy ni kwamba imepangwa kwa madarasa ya Marekani, na mifano yake mingi ni ya dola, futi na inchi. Mwalimu asifuate mpangilio wake. Achukue azimio lake la kazi, atafute video inayolingana na umahiri wa wiki hiyo, na nyingine aziache.

Sasa ukurasa wa mwalimu. Akiingia kwa akaunti yake, analikuta darasa lake. Hupanga somo kwa kuchagua video moja, zoezi moja au mawili na pengine kurasa za PDF, kisha hulifungua kwa darasa zima au kwa kikundi anachotaka. Hutunga jaribio kutokana na maswali ya mazoezi yaliyomo. Na hupata ripoti ya kila mwanafunzi, swali kwa swali.

Chukulia Darasa la Tano lenye wanafunzi 42 wanaojumlisha sehemu zenye asili tofauti. Maswali kumi kwa kila mmoja ni majibu 420. Kwa madaftari, kusahihisha huko humaliza jioni ya mwalimu, na mtoto hupata alama yake kesho kutwa, wakati darasa limeshahamia mada nyingine. Kolibri husahihisha palepale. Lakini faida iliyo kubwa kuliko muda uliookolewa iko kwenye majibu yaliyokosewa, ambayo mwalimu anaweza kuyafungua na kuyasoma. Swali likiwa nusu jumlisha theluthi, wapo watakaojibu 2/5. Hao wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wapo watakaojibu 2/6. Hao wamepata asili ya pamoja, ila wamesahau kubadili kiasi. Kwenye daftari wote wana kosa moja jekundu, ilhali matatizo ni mawili na dawa ni mbili. Kundi la kwanza linahitaji kurudi kwenye karatasi iliyokunjwa na kupakwa rangi, lione kwamba 2/5 ni ndogo hata kuliko nusu waliyoanza nayo. La pili linahitaji mifano mitatu tu ya sehemu zinazolingana. Kolibri inaonyesha makundi yote mawili, lakini haifundishi lolote kati yake. Kazi hiyo inabaki kwa mwalimu, na naona ndiyo kazi ya ualimu yenyewe. Maelezo ya jumla anaweza kuiachia video. Kugundua mtoto amepotelea wapi na kukaa naye dakika nne hakuna video inayoweza.

Ndiyo maana shule inayowapeleka watoto chumba cha kompyuta na kuwaachia wachague wenyewe haijaitumia Kolibri, hata kama imewasha seva kila siku. Watatazama katuni, na mwalimu atageuka msimamizi wa nidhamu. Programu hii humtaka mwalimu mara mbili nje ya kipindi: nusu saa kabla, ili apange somo na aitazame video mwenyewe hadi mwisho, na dakika kumi na tano baada, ili asome ripoti na kugawa vikundi vya kesho. Muda huo haupo kwenye ratiba ya mwalimu mwenye vipindi sita kwa siku. Mkuu wa shule akinunua vifaa bila kumpunguzia mwalimu huyo hata vipindi viwili kwa wiki, ripoti hazitasomwa na mtu.

Kipindi cha dakika 40 chenyewe ni kifupi. Watoto wa madarasa ya chini wakiandika nywila, robo ya muda imekwisha. Mpangilio wa shule ndani ya Kolibri unaruhusu wanafunzi kuingia bila nywila, na kwa watoto wadogo inafaa kuwasha chaguo hilo. Orodha ya wanafunzi iingizwe kwa faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi), si jina moja moja. Mgawanyo unaofanya kazi ni dakika tano za kuingia, nane za video moja, kumi na tano za zoezi, na kumi na mbili zilizobaki mwalimu akizungukia wale ambao ripoti inaonyesha wamekwama. Video ya dakika ishirini haina nafasi hapa. Vifaa vikiwa vichache, video ionyeshwe mara moja kwa projekta, vishikwambi vibaki kwa mazoezi.

Watoto wawili wakitumia akaunti moja, ripoti haina maana tena, kwani mwenye kasi hujibu na mwenzake huhesabiwa amefaulu. Wagawe kwa zamu, nusu wafanye zoezi kwenye kishikwambi na nusu kwenye daftari, kisha wabadilishane. Unapoandaa jaribio, chagua mpangilio wa maswali usiofanana kwa kila mwanafunzi, hasa wanapokaa watatu dawati moja. Usiiamini sana alama ya kumaliza zoezi. Mazoezi mengi huhesabiwa yamekamilika mtoto akipata idadi fulani ya majibu sahihi, mathalani matano mfululizo, na kwenye maswali ya kuchagua kubahatisha kunawezekana. Angalia muda aliotumia: maswali kumi kwa dakika moja ni kubahatisha. Dai hesabu zifanywe kwenye daftari kwanza. Akiomba dokezo, swali halihesabiwi kuwa sahihi, na wanafunzi waambiwe hivyo mapema ili wasikate tamaa.

Insha, ufupisho, michoro ya biolojia na hoja za historia hazisahihishwi humo. Mwalimu wa lugha atakayetarajia kupumzisha kalamu nyekundu atavunjika moyo. Anachoweza kufanya ni kuweka maandiko yake kupitia Kolibri Studio, ambayo hutumika kwenye intaneti. Inapokea PDF, EPUB, MP3 na MP4, kwa hiyo faili la Word libadilishwe liwe PDF kwanza. Akaunti mpya hupewa nafasi ya MB 500 bure. Akishachapisha mkusanyiko wake hupata msimbo mfupi, na seva ya shule huuingiza siku ya kwanza itakapounganishwa na mtandao. Maswali ya mitihani ya ndani ya shule, yakiwekwa humo kidogo kidogo kila muhula, hufaa kuliko video nyingi za kuagiza.

Kuanzia toleo la 0.15, kishikwambi chenye Kolibri yake kinaweza kwenda bwenini au nyumbani na mwanafunzi, kisha kikapeleka kazi kwenye seva kikirudi kwenye mtandao wa shule. Ni nzuri kwa shule za bweni. Kwa shule za kutwa, amueni kwanza nani analipa kikipotea.

Usimamizi usiwe wa mwalimu wa TEHAMA peke yake. Tengenezeni akaunti mbili za msimamizi mkuu, kwani nywila ikisahauliwa hakuna barua pepe ya kuirudisha, na kuiweka upya huhitaji mtu anayejua kuandika amri kwenye kompyuta. Majina ya kuingilia yawe namba za usajili, na msijaze taarifa za mtoto zisizotakiwa, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu shule pia. Kila Ijumaa zimeni Kolibri, nakilini folda ya .kolibri kwenye diski ya nje bila folda ndogo ya content, ambayo ni kubwa na inaweza kuingizwa upya, kisha diski ifungiwe kabati tofauti na seva. Kusasisha toleo kufanywe likizo, seva kwanza, vishikwambi baadaye.